Mpagazi Naye Alale Wapi?

Kila likizo ndefu inapofika, simu zetu hujaa picha za kilele. Vijana wa parokia fulani wamefika juu ya Meru, mafrateri wa jimbo fulani nao wamefika, kwaya fulani imefika na bendera yake. Wamesimama mbele ya ubao, jua linachomoza nyuma yao, mikono juu. Tunafurahi pamoja nao. Lakini katika picha zote hizo hatujaona hata moja iliyopigwa jioni ya siku iliyotangulia, kwenye saa kumi na mbili na nusu, pale kambini, baridi inapoanza kuuma na kila mtu anatafuta mahali pa kulaza ubavu. Sisi tunadhani jioni ile ina habari kubwa kuliko kilele. Ndiyo inayoonyesha kama tulikwenda hija, au tulikwenda matembezi tukabeba rozari.

Ndugu msomaji, kama hujawahi kufika, tukupitishe njia kwanza.

Unaanzia lango la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huendi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu mbuga ya mwanzo ni ya nyati, na nyati hana taarifa kwamba wewe ni frateri. Baada ya hapo unaingia msitu mzito, mbega weusi kwa weupe wanaruka juu ya kichwa chako, na ukifuata njia ndefu utapita chini ya mti mkubwa wa jamii ya mtini uliojikunja kama tao la kanisa. Jioni unafika Miriakamba, mita kama 2,500. Siku ya pili ni ngazi. Ngazi, na ngazi nyingine, ndani ya msitu, mpaka unatokea mahali panapoitwa Mgongo wa Tembo, ambapo watu hupumzika na kuangalia ndani ya kreta. Upande wa mashariki wa mlima huu uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, kwa hiyo kreta imekaa kama kiatu cha farasi, na katikati yake kimeota kilima cha majivu. Mlima ulitema majivu mara ya mwisho mwaka 1910. Kutoka hapo unapanda tena hadi Saddle Hut, mita 3,570, pale bondeni kati ya Meru mkubwa na Meru mdogo. Huko ndiko unakolala, kama utapata usingizi, maana saa nane usiku mnaamshwa.

Kisha unakuja ukingo wenyewe. Kutoka Rhino Point njia inafuata mdomo wa kreta, mwamba na majivu, upande mmoja ukuta umeshuka zaidi ya mita 1,000 na upande mwingine mteremko unakwenda gizani. Mnatembea mstari mmoja na tochi za kichwani. Hakuna anayeongea sana. Kilele kina zaidi ya mita 4,560, na jua likichomoza linatokea upande wa Kilimanjaro. Ni kweli ni pazuri, wala hatutaki kumwondolea mtu hamu ya kwenda.

Ila katika njia yote hiyo, tangu Momella hadi Saddle, kuna watu waliokupita. Asubuhi ulipoondoka kambini walikuwa bado wanaosha sufuria zako. Saa mbili baadaye wakakupita kwenye ngazi, mzigo kichwani au begani, wakakuambia "pole pole, kaka", wakapotea mbele. Ulipofika kambini maji ya moto yalikuwa tayari, na ukashukuru. Jina lao hukulijua.

Basi tumewahi kuona, na hatutaji kundi wala kampuni, jioni ambayo wageni, wote Wakristo wema walioimba njia nzima, walikuwa ndani ya mifuko ya kulalia yenye joto, na kijana mmoja aliyebeba chakula chao alikuwa amekaa karibu na moshi wa jikoni kwa sababu blanketi lake lilikuwa moja, nalo jepesi, na viatu vyake vilikuwa vimelowa tangu asubuhi. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyemwita. Wageni walisali Masifu ya Jioni, wakamshukuru Mungu kwa safari njema, wakalala.

Mtu atasema hifadhi zina taratibu zake. Ni kweli. Pale Kilimanjaro, kwa mfano, mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na mizani ipo langoni. Taratibu hizo zimeokoa migongo mingi na tunazipongeza. Lakini mizani inapima mzigo tu. Haipimi blanketi, wala haiulizi kama aliyebeba wali ameula.

Kanisa lina historia yake kuhusu kulala mlimani, na ingefaa tuijue sisi tunaojiandaa kuwa mapadre. Katika karne ya 11 padre mmoja, Bernard, aliyekuwa shemasi mkuu wa Aosta, aliona jinsi wasafiri walivyokufa kwa theluji na kuvamiwa na wanyang'anyi kwenye njia ya kuvuka milima ya Alpi. Akajenga nyumba juu kabisa, penye mpito wenyewe, karibu mita 2,470, mahali ambapo theluji hukaa miezi mingi ya mwaka. Akawaweka watawa. Kazi yao ilikuwa kupokea. Hawakuuliza msafiri ni tajiri au mchungaji wa mbuzi, mwenyeji au mgeni, na hawakungoja agonge mlango: ukungu ulipotanda walitoka kumtafuta. Mbwa wale wakubwa wanaoitwa kwa jina la mtakatifu huyo walipata sifa yao katika kazi hiyo. Mei 1800 jeshi la Napoleon lilipita pale na askari wakapewa mkate, jibini na divai. Tangu 1964 magari hupita chini kwa chini kwenye handaki, na mtu angedhani nyumba ile imekosa kazi. Bado ipo. Wakati wa baridi hufikiki kwa gari, unakwenda kwa miguu juu ya theluji, na watawa wanakupokea kwa chai. Mwaka 1923 Baba Mtakatifu Pius XI alimtangaza Bernard msimamizi wa wapanda milima.

Watawa hao hao walitoka Uswisi miaka ya 1930 wakaenda hadi mpaka wa China na Tibet, wakitaka kujenga nyumba kama ile kwenye milima ya huko. Mmoja wao, Maurice Tornay, aliuawa njiani mwaka 1949 akiwatetea waamini wake, na mwaka 1993 akatangazwa Mwenyeheri. Tunamtaja kwa sababu katika mazungumzo ya mafrateri mlima ukitajwa huwa ni mahali pa kujipima nguvu au mahali pa kukaa kimya na Mungu. Kwa watawa wa Bernard mlima ulikuwa zaidi ya hayo yote mahali ambapo mtu mwingine anaweza kufa kwa baridi usiku huu.

Turudi kwenye Injili tunayoisikia kila Dominika ya pili ya Kwaresima. Petro yuko mlimani, ameona utukufu, na anasema tujenge vibanda vitatu. Mara nyingi wahubiri wetu humcheka kidogo hapo, kwamba hakujua alisemalo, na mwinjili mwenyewe anasema hivyo. Lakini hesabu vibanda. Kimoja cha Yesu, kimoja cha Musa, kimoja cha Eliya. Petro, Yakobo na Yohane hawamo kwenye hesabu. Mvuvi yule, hata katika kuchanganyikiwa kwake, aliwaza kwanza wengine watalala wapi. Sisi tukipanga safari ya Meru, orodha ya vitanda huanzia wapi?

Tumelijadili jambo hili na wenzetu na tumepata majibu ya aina tatu. La kwanza ni kwamba tukianza kulalamikia upagazi tutawanyima watu mkate, heri tunyamaze. Hatusemi wapagazi wasiajiriwe. Ni kazi halali na ngumu, na vijijini chini ya mlima imesomesha watoto wengi. Kuna mafrateri waliokuja na wazo la kila mtu kubeba mzigo wake wote ili kujinyima. Nia yao ni njema, lakini matunda yake ni kijana wa Ngarenanyuki kukosa siku nne za ujira ili sisi tujisikie watakatifu. Aajiriwe. Swali letu ni anaajiriwaje.

Jibu la pili: tumeilipa kampuni, mengine ni juu yao. Hili hatulikubali hata kidogo. Mwajiri wa shambani hawezi kusema hivyo mbele ya padre kwenye kitubio, na frateri hawezi kusema hivyo mlimani. Msamaria wa kwenye Injili alimlipa mwenye nyumba ya wageni, kisha akaahidi kupita tena kuangalia hesabu. Kulipa hakukumaliza wajibu wake.

La tatu ndilo linalotugusa, na tunalijibu kwa heshima. Wanasema: ninyi mnaongea kana kwamba vijana wetu ni watalii wa Ulaya. Vijana wa VIWAWA wamechangishana elfu tano tano mwaka mzima, wameuza maandazi baada ya Misa, na hata mifuko ya kulalia wameazima. Wakiongezewa gharama ya blanketi na bakshishi hawataenda kabisa. Ni kweli, na tunawafahamu vijana hao. Baadhi yetu tulikuwa wao. Lakini jibu letu ni lile lile hata likiuma. Kama fedha haitoshi kumlaza mpagazi vizuri, basi fedha haitoshi kwenda Saddle. Iende Miriakamba usiku mmoja mrudi. Au iende watu kumi badala ya ishirini. Hakuna amri ya Kanisa inayosema lazima ufike mita 4,560. Hatuwezi kupunguza bei ya hija yetu kwa kumpunguzia joto mtu mwingine.

Siku hizi fulana za safari hizi zina sura ya Pier Giorgio Frassati, kijana wa Torino aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025, na chini yake yale maneno yake ya kuelekea juu. Tumefurahi sana kwamba vijana wetu wana mtakatifu mpanda milima, aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24 tu. Tungependa tu fulana zikumbuke na upande wa pili. Baba yake alikuwa mwenye gazeti na balozi, naye alisafiri kwa treni daraja la tatu, fedha iliyobaki ikaenda kwa maskini wa mji. Aliwatembelea vyumbani mwao, na akijua majina yao. Alikuwa mtu yule yule mlimani na mjini.

Sasa tunaomba nini? Tunaomba kwamba kabla ya kuondoka, kiongozi wa kundi awe na orodha moja, si mbili. Majina ya mafrateri, ya vijana, ya mwongozaji, ya mpishi na ya kila mpagazi yakae kwenye karatasi moja, na kwenye Misa ya kuaga yatajwe yote. Mizigo ipimwe nyumbani, kabla ya langoni, maana langoni watu huanza kuhamisha vitu kwa haraka na mzigo wa aliye mnyonge ndio huongezeka. Mwenye koti la ziada, na kila parokia ina watu wenye makoti waliyoletewa kutoka Ulaya wasiyoyavaa, alitoe. Chakula kiive kwa wote na kigawiwe kwa wote, na wageni wasianze kula kabla hawajajua kwamba sufuria ya pili ina kitu. Bakshishi itolewe mkononi mwa mhusika, mbele ya wenzake, kiasi kikisemwa kwa sauti. Malalamiko tunayosikia mara nyingi ni ya bahasha moja iliyopewa mtu mmoja ikapungua njiani. Na ikifika jioni, padre au frateri mmoja azunguke na tochi kabla ya Masifu ya Usiku, aone kila mtu amelala wapi. Kila mtu. Hiyo nayo ni kazi ya kichungaji, hata kama haimo kwenye ratiba.

Kuhusu sala, tunaongeza neno moja. Wapagazi wa Meru wengi ni Walutheri, wengine ni Waislamu, wengine ni wa parokia zetu kabisa na huenda mmoja wao anasoma makala hii. Wakaribishwe, wasilazimishwe. Tumeona mzee mmoja mpishi aliyekaa pembeni wakati wa Misa kambini, akaitikia nyimbo zote kwa sauti ya pili, kumbe ni mwanakwaya wa Kilutheri wa miaka mingi. Hakuna aliyefikiri kumwomba aanzishe wimbo.

Na mwendo. Kawaida makundi hugawanyika, wenye nguvu mbele, wanyonge nyuma na mwongozaji mmoja wa kuwasukuma. Mwongozaji mwenye uzoefu hafanyi hivyo, humweka anayechoka haraka nyuma yake mara moja, na kundi zima linamfuata. Kichwa kikiuma sana, mtu akitapika, akianza kuyumba au kukohoa kwa shida, anashuka, na anashuka usiku huo huo kama mwongozaji amesema. Ugonjwa wa mwinuko huvimbisha ubongo na kujaza maji mapafuni, na haujali daraja la mtu. Frateri anayebishana na mwongozaji kwenye ukingo saa kumi usiku hajui bado utii ni nini, hata kama amefaulu mtihani wa sheria za Kanisa.

Tumemtaja Pius XI. Kabla ya kuwa Papa aliitwa Achille Ratti, padre wa Milano, mtunza maktaba na mpanda milima hodari. Mwishoni mwa Julai 1889 alipanda Monte Rosa kwa upande wake wa mashariki pamoja na padre mwenzake Grasselli, mwongozaji Giuseppe Gadin na mpagazi Alessandro Proment. Usiku uliwakuta juu, karibu na kilele, bila kibanda chochote. Walisimama kwenye ukingo mwembamba wa mwamba hadi asubuhi, wakikanyaga miguu na kuongeleshana ili asisinzie mtu, kwa sababu anayesinzia pale anakufa. Baadaye Ratti aliandika habari za safari hiyo, na majina ya wale wawili waliolipwa yamo, pamoja na la padre. Usiku ule mapadre na mpagazi walisimama kwenye mwamba mmoja, chini ya baridi moja.

Mwaka huo huo wa 1889, mwezi Oktoba, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro, na kila mtoto wa shule analijua jina la Meyer. Wachache wanalijua la Mwini Amani, mtu wa Pangani, mtu wa pwani ambaye baridi ile hakuzaliwa nayo. Yeye ndiye aliyebaki nao kwenye kambi ya juu siku zote zile walipokuwa wakijaribu kilele. Kila waliposhuka wamechoka, kulikuwa na mtu kambini.

Makundi ya likizo ijayo yameanza kujiandikisha, na kwenye ubao wa matangazo karatasi ya Meru tayari ina majina kumi na manne, yote ya mafrateri. Pana nafasi chini ya majina hayo. Mizani ya stoo ya chakula inaazimwa. Tumeshamwuliza mhusika naye amekubali, mradi irudishwe kabla ya siku ya kupokea mahindi.